Mzee Venant Luhende na Mpishi Aliyebaki Mkuyuni

Aliyelala mbele yetu ni Mzee Venant Luhende, aliyezaliwa Kisesa tarehe 9 Machi 1938. Alifiwa na mama yake akiwa na miaka mitano, akalelewa na shangazi. Tangu hapo hakupenda kabisa kuona mtu akiwaaga watoto.

Alisoma Kisesa hadi darasa la nne. Kiingereza alichotoka nacho kilitosha kusalimia tu, lakini hakikumzuia kufanya lolote.

Mwaka 1962 alifunga ndoa na Mwalimu Leonsia wa Bukoba, aliyekijua Kiingereza kwelikweli. Walijenga Mkolani, na hapo akazaliwa mtoto wao wa kwanza, Odeta.

Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha pamba hadi alipopunguzwa kazini mwaka 1993. Kwa kiinua mgongo chake alinunua televisheni, deki na kanda moja, akafungua kibanda cha video Mkuyuni. Kanda yenyewe ilikuwa sinema ya kuimba, iliyotokana na kitabu cha watoto: mpishi anashuka kwa yatima watatu akiwa ndani ya sufuria linaloruka. Marehemu alisimama kando ya televisheni akitafsiri. Watu wa sinema walipoimba habari za mvua, yeye alisema wanapatana ng'ombe wa mahari. Mpishi alipokaribia kupanda sufuria aondoke, marehemu alizima deki na kutangaza kwamba mpishi ameolewa na mjomba wa watoto, haendi popote. Mwalimu Leonsia alikuwa amekisoma kitabu. Alikaa nyuma, hakumsahihisha.

Siku moja Bibi Ng'washi alifika kutoka Kisesa na kuku wa kumtunza bibi harusi, akauliza maharusi wanaishi wapi. Marehemu alimpokea kuku kwa niaba yao, kwa heshima zote. Kuku huyo aliliwa Mkolani, na alikuwa mtamu.

Juni 1998 alianza kusumbuliwa na moyo. Jioni ya tarehe 2 Agosti aliomba kanda iwekwe, na safari hii iachwe iishe. Mpishi akapaa, akapotea mawinguni. Marehemu alimgeukia mkewe.

"Mama Odeta, sasa wale watoto wanabaki na nani?"

"Na mimi," alijibu Mwalimu.

Alimshika mumewe mkono. Alfajiri marehemu alifariki.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu, na vijana wengi wa Mkuyuni wanaoamini kwamba mpishi yule yupo kwa mumewe mpaka leo. Familia inaomba wasiambiwe vingine.

Pumzika kwa amani, Baba Odeta. Watoto wana mtu.