Mzee Spana na Mstari Mmoja wa Chakula

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja, fundi mkuu wa breki wa karakana yetu ya mabasi anastaafu. Sote tunamwita Mzee Spana, na tumesikia hata mkewe ameshalikubali jina hilo yaishe.

Alipoanza kazi, wenzake walidhani kilemba chake ni urembo tu. Akawaeleza bila kuchoka kwamba yeye ni Msikh. Kwamba dini yake, iliyoanzishwa na Guru Nanak, inamwamini Mungu mmoja. Na kwamba hakati nywele kwa kuheshimu alivyoumbwa. Bangili yake ya chuma humkumbusha mkono usitende ovu. Watani walidai ni pingu ya mkewe. Yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Mtihani ulikuja basi moja lilipokatika breki mteremkoni likagonga ukuta. Utingo alivunjika mguu. Dereva akamnyooshea kidole Mzee Spana mbele ya watu wote: "Wewe ulitaka kutuua!" Madereva wakagoma, mafundi wakanuna, hata kantini hatukuketi pamoja.

Jumapili Mzee Spana alitualika sote gurdwara, nyumba yao ya ibada, ambako jiko humlisha bure kila aingiaye, wa dini yoyote. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukaketi sakafuni kwa mstari mmoja, meneja bega kwa bega na muosha mabasi. Mzee Spana mwenyewe aligawa mikate. Alipomfikia yule dereva, dereva akainamisha uso na kuuliza:

"Nimekutukana, nawe unanilisha?"

"Hapa hakuna mkubwa wala mdogo, ndugu yangu. Pokea kwa mikono miwili. Kesho tulifungue lile basi pamoja."

Wakalifungua. Mpira wa breki, mpya kabisa, ulikuwa umepasuka: bidhaa mbovu, na mabasi mengine kadhaa yalikuwa yamefungwa mipira hiyohiyo. Yote yakabadilishwa. Dereva alimwomba radhi mbele ya wale wale waliomsikia akimtukana.

Wasikh hufundishwa kumkumbuka Mungu, kula jasho lao halali na kugawana walichonacho. La kwanza analijua yeye na Mola wake. Hayo mawili tumeyaona kwa macho yetu.

Anasema anakwenda kupumzika. Mkewe ametuonya tusimwamini: mzee ameshajiandikisha kukanda unga gurdwara. Asante, mzee wetu. Mungu akupe afya, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na mlango wako usikose mgeni.