Injini ya Ndege Juu ya Jiko la Bi Ndimu

Wewe unayekunja mdomo hapo kabla kisa hakijaanza, ukunjue. Ule mlango wa Bi Ndimu ulifungwa mchana kweupe, jua likiwa utosini, na walioshuhudia wako hai, wanakunywa kahawa ya watu wengine na kuisema vibaya. Kama huamini, usiamini kimyakimya, uwaachie wenzako wasikie.

Chumba cha kahawa cha Bi Ndimu kiko pale njia mbili zinapokutana, kushoto kinyozi, kulia fundi wa mafriji. Ni chembamba kama uchochoro uliopigwa bati. Benchi la wateja halikuenea ndani, likawekwa mlangoni: miguu miwili chumbani, miwili kibarazani. Kwa hiyo mlango haufungiki mpaka watu wainuke, na watu hawainuki mpaka kahawa iishe, na Bi Ndimu huongeza maji. Kabla ya kisa hiki mlango ule haukuwahi kufungwa mchana, hata siku alipomwoza bintiye. Siku ile alirudi kutoka harusini na nguo zake za harusi, akachochea jiko, akasema mkwe amempata, mrefu kweli, ila urefu wenyewe hauna kazi, labda kubadilisha balbu. Wakacheka benchi zima. Maneno yakatembea kwa miguu yake yenyewe mpaka kwa binti. Tangu hapo binti hapigi simu, na mama naye hapigi, maana kila mmoja anasema mwenzake ndiye wa kuanza.

Sasa binti ana mimba ya kwanza, yuko mbali, kumfikia lazima upande ndege. Tiketi imeletwa na mkwe, yule yule wa balbu. Ndege ni jioni. Begi limefungwa tangu jana, liko chini ya meza, na Bi Ndimu analipiga teke kama paka wa jirani kila akipita.

– Siendi, alisema asubuhi hiyo, akimimina. Chombo gani kinakwenda juu na hakuna anayejua kinaendaje?

Alisema hivyo akijua anazungumza na nani. Alitaka mtu mmoja tu amwambie ndege ni hatari, ili amjibu mkwe kwa sababu ya maana. Sasa, benchi lile ukilitaka liseme jambo, litasema kinyume chake.

– Nani hajui? akasema Friji, fundi wa kulia. Mimi niliwafungia friji kwenye kantini ya uwanja wa ndege.

– Kwa hiyo ulipitia injini ukienda kuweka soda, akasema Gia, dereva mstaafu wa malori, mtu aliyepumzishwa kazi akabaki na mkono unaotafuta gia hata akiwa amelala.

– Nilisimama dirishani nikaiona. Sikiliza, Bi Mkubwa. Mbele kuna feni kubwa. Inavuta hewa. Nyingine inapita pembeni inasukumwa nyuma, hiyo ndiyo inayokusogeza wewe. Nyingine inaingia ndani, inabanwa, inabanwa, inabanwa. Kompresa, kama ya friji.

– Kwa hiyo ndege inagandisha.

– Gia, nyamaza. Hewa ikishabanwa, wanaipulizia mafuta, inawaka. Ule moto unatoka nyuma kwa kishindo, unazungusha gurudumu lenye mapanga. Gurudumu limeunganishwa kwa fimbo na ile feni ya mbele. Basi. Gurudumu linazungusha feni.

– Mafuta gani hayo? akauliza Bi Ndimu.

– Ya taa.

– Ya taa? Yale ya kibatari?

– Ndugu yake. Yamesafishwa zaidi.

– Mimi nimeacha kibatari nyumbani kwa sababu ya moshi, halafu nikakipande!

Alifurahi. Alidhani ameipata sababu. Lakini Wembe, kinyozi wa kushoto, alikuwa ameshashika njia yake. Wembe ana ndevu upande mmoja zimekaa vizuri na upande mwingine hazijakaa, maana hakuna anayemnyoa kinyozi.

– Usiogope, Bi Mkubwa. Moto hauachwi ovyo. Kila injini ina kompyuta yake imebandikwa pale pale ubavuni. Rubani akisukuma mkono wa mafuta, hasukumi mafuta. Anaomba. Waya unapeleka ombi, kompyuta inapima joto, inapima mwendo, inapima hewa, halafu inaamua yenyewe impe kiasi gani.

– Anaomba? Gia alikasirika kama ametukanwa ukoo. Dereva anaomba? Mimi nimeendesha lori miaka yote, sijawahi kuliomba.

– Ndiyo maana lilikuwa likikulaza njiani.

– Na kompyuta ikikataa?

– Haikatai, inakuzuia usiiunguze injini.

– Hiyo ndiyo kukataa kwa watu waliosoma.

– Na ziko mbili ndani ya injini moja, Friji akaongeza, asije Wembe akabeba sifa yote. Moja inafanya kazi, ya pili inaangalia. Ya kwanza ikizimia, ya pili inashika pale pale, abiria hajui hata kama kuna msiba.

– Wake wenza, akasema Gia.

– Wake wenza gani wanaopokezana bila kelele?

– Wamenuniana. Ndiyo maana kimya.

Hapo Bi Ndimu alilipiga begi teke. Alibeba vikombe vichafu akaingia uani kuviosha, na sauti zao zikamfuata kama nzi. Gia alikuwa akieleza kwamba injini ya kushoto huwa na kiburi kuliko ya kulia kwa sababu rubani mkubwa hukaa kushoto, inamsikia anavyosifiwa. Wembe akasema ile mistari myeupe angani si moshi, ni chaki, ndege ya mbele inaichorea ya nyuma njia isipotee. Friji akasema mistari ni mvuke wa injini uliogandishwa na baridi ya huko juu. Wakamcheka yeye kuliko wote.

– Hamwelewi kwa maneno, akasema Friji, amechukia. Leteni jiko.

Sikiliza sasa upumbavu wa watu wazima. Jiko la mkaa lilikuwa pale pembeni ya benchi, na birika la kahawa juu yake, kifuniko wazi. Wembe alikimbia kwake akaleta mashine ya kukaushia nywele, ile ya upepo wa moto, waya wake mrefu ameupitisha dirishani. Friji akaielekeza kwenye mdomo wa jiko kama daktari anayetafuta mshipa.

– Hii ni feni. Hii ni hewa iliyobanwa. Mkaa ni mafuta. Washa.

Wembe akawasha. Kwanza kabisa, ukweli usemwe, ilipendeza. Mkaa uling'aa mpaka mweupe, jiko likanguruma, Gia akashika gia hewani.

– Unaona? Msukumo huo!

– Msukumo uko wapi? Birika limesimama pale pale.

– Ongeza!

Wembe akaongeza. Jivu likaruka lote kwa pamoja, likapanda, likafikiri kidogo, likashuka ndani ya birika na juu ya upara wa Gia. Cheche zikaruka kibarazani. Vipande vidogo vya mkaa vikapeperushwa nje ya jiko, na vilivyobaki, vichache na vimetawanyika, vikazimika kimoja kimoja.

Bi Ndimu alitoka uani na vikombe vinavyodondosha maji. Aliangalia jiko, birika, mashine ya nywele, upara.

– Hii ndiyo ndege?

– Hewa imezidi mafuta, akasema Friji, akipangusa nyusi. Hapo ndipo ile kompyuta ingepima, isiuache moto ukazimwa na upepo.

– Na kompyuta ya benchi hili iko wapi? Mmekaa watatu hapa. Hata wa akiba hakuna.

Aliinua birika akachungulia. Kahawa ilikuwa na rangi ya saruji. Akaimwaga mtaroni, yote, na wale watatu wakaitazama ikienda kama wanaosindikiza jeneza.

Ndipo gari likasimama. Teksi. Dereva wake mwanamke, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, akashuka akiangalia saa.

– Shikamoo, bibi. Mimi ndiye niliyetumwa na mkweo. Tuondoke mapema, njia ya uwanjani imejaa.

– Marahaba. Sijasema naenda.

– Alisema utasema hivyo. Akasema ningoje. Dereva akaliangalia jiko. Mlikuwa mnapika nini?

– Injini ya ndege, akasema Wembe.

Dereva hakucheka. Aliketi kwenye pembe ya benchi, na Friji, ambaye hawezi kuacha sikio jipya lipite bure, akamweleza upya, polepole, kwa mikono. Feni, kompresa, moto, gurudumu, fimbo, feni. Alieleza vizuri safari hii.

– Nimekuelewa, akasema dereva. Feni inazungushwa na gurudumu la nyuma.

– Hasa.

– Gurudumu linazungushwa na moto.

– Umeshika.

– Na moto hauwaki bila hewa ya feni.

– Mwanafunzi mzuri huyu!

– Sasa ikiwa imesimama, nani anaanza?

Friji alifungua mdomo. Kidole chake kikaenda mbele, kwenye feni. Kikarudi nyuma, kwenye gurudumu. Kikaenda katikati, kwenye moto. Kikazunguka mara nyingine, kisha akakiweka mfukoni.

– Wanaisukuma, akasema Gia. Kama lori lenye betri mbovu. Abiria wa viti vya nyuma wanashuka.

– Wanangoja siku ya upepo, akasema Wembe.

– Pale kantini hawakuniambia, akasema Friji, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Dereva alimgeukia Bi Ndimu, maana ndiye aliyebaki.

– Lakini lazima awepo wa kuanza, si ndiyo, bibi? La sivyo vyote vingekaa vinangojana mpaka kesho.

Bi Ndimu alikuwa akifuta meza. Kitambaa kikasimama. Alimtazama yule mwanamke, aone kama ametumwa na maneno hayo pia au ni ujinga wake tu. Ulikuwa ujinga wake tu. Alikuwa anaangalia saa.

Bi Ndimu akatupa kitambaa, akatoa simu mfukoni mwa aproni, akaishika mbali na macho, akabonyeza. Benchi likasahau kupumua.

– Ni mimi, akasema. Ndiyo, mimi, nani mwingine mwenye sauti hii? Usilie, utamtisha mtoto. Miguu imevimba? Iweke juu ya mto. Si huo mwembamba, chukua wa mumeo, yeye mrefu, miguu yake inaning'inia vyovyote. Akasikiliza. Nililisema, najua nililisema. Nitamwambia mwenyewe usoni. Nakuja leo.

Akakata. Akavua aproni, akalivuta begi kutoka chini ya meza, safari hii kwa mkono.

– Inukeni.

– Bi Mkubwa?

– Inukeni, mlitoe benchi. Nafunga.

Waliinuka mmoja mmoja, kama watu walioamshwa hospitalini. Gia akashika huku, Wembe kule, Friji akabaki na mashine ya nywele mkononi. Benchi lilipotoka, pale miguu yake ilipokuwa pakaonekana vitobo viwili kwenye sakafu, vyeupe, havijawahi kuona jua. Walisimama kibarazani wamelibeba, hawajui wapi pa kuliweka.

– Sasa sisi tukae wapi? akauliza Gia, jivu bado kichwani.

Bi Ndimu alitoka, begi begani.

– Kaeni hapo hapo, mngoje siku ya upepo.

Akavuta mlango. Ukagoma, haukuzoea. Akaugeuzia nyonga, akausukuma, ukafungika.