Kimchi ya Jumamosi, Kisu cha Alhamisi

Jukwaa la mbao mbele ya duka la Mama Gyu-ri, kwenye uchochoro mmoja wa mji wa Daegu, Korea, halina mwenyewe, lakini jaribu kukaa upande wa Mzee Kamusi uone. Huyo alikuwa bawabu wa shule, akastaafu na majibu yote. Kando yake hukaa Bwana Feni, fundi wa mafeni, ambaye kwake hakuna ugonjwa usioletwa na upepo. Asubuhi hiyo ya Novemba walikuwa wakikoroga kahawa kwa pakiti zake tupu badala ya vijiko, na Se-rim, mpwa wa mwenye duka, amesimama mbele yao mikono kiunoni. Chuoni anasomea seli. Hasira zilikuwa zimempanda: shangazi yake alipangiwa upasuaji wa saratani ya titi Alhamisi, na sasa anataka uahirishwe wiki mbili. Sababu? Jumamosi ni siku ya kutengeneza kimchi, kabeji ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, ya uchochoro mzima, ya kuliwa kipupwe chote.

— Kabeji zimeshaagizwa, — alisema Mama Gyu-ri, birika mkononi. — Nikishakatwa, nani atazipaka pilipili? Kivimbe chenyewe kama harage. Wiki mbili hizi kitaenda wapi?

— Kinaweza kwenda, shangazi!

— Kitaenda kikiguswa, — alidakia Bwana Feni. — Kisu kikifungua tu, upepo unaingia, saratani inasambaa.

— Ingekuwa upepo, mzee wangu, wewe wa mafeni tungeshakuzika, — alimjibu Se-rim.

Mzee Kamusi alicheka hadi kahawa ikamtokea puani.

— Nisikilizeni, — Se-rim aliendelea. — Seli ya saratani haisafiri peke yake. Inahonga majirani. Zipo seli zinazofuma nyuzi za kushikilia nyama ya titi. Ikishazirubuni, zinafuma nyuzi ngumu, zimenyooka, nayo inapita humo kama barabarani mpaka kwenye mshipa wa damu. Hata askari wa mwili, wengine wanageuka kuisindikiza.

— Wote? — aliuliza Mama Gyu-ri polepole.

— Si wote. Wengine wanaibana. Ila hakuna anayejua wataibana mpaka lini. Ndiyo maana daktari anaondoa na nyama ya pembeni kidogo.

— Basi tatizo ni ujirani! — Mzee Kamusi alipiga paja. — Titi lihame.

— Lihame limwache mwenyewe? — aliuliza Bwana Feni.

— Ahame nalo, akakae milimani! Kule saratani haijuani na mtu, itamhonga nani?

— Na ile baridi itaigandisha njiani, — aliongeza Bwana Feni. — Jamani, tumegundua dawa. Waziri wa afya aitwe.

— Akija ajue kahawa ni ya kujinunulia, — alisema Mama Gyu-ri, na mwenyewe akacheka.

Se-rim naye kicheko kilimponyoka, akakasirika zaidi. Hoja zote alikuwa anashinda, lakini shangazi alikuwa bado hajasema kwamba Alhamisi ataenda.

Gari dogo la mizigo likasimama. Akashuka binti wa mkulima, buti za mpira zimejaa matope, akatua gunia la figili.

— Kabeji zinafuata Jumamosi. Nani atapokea?

— Mimi, — alijibu Mama Gyu-ri. — Nilikuwa niwe hospitali, nikatwe hiki kivimbe, lakini naona niahirishe.

Binti akamtazama, kisha akawageukia wazee wawili na vikombe vyao.

— Na hawa, mikono yao ina nini?

 Mzee Kamusi alichungulia kikombe chake. Bwana Feni aligeuza viganja vyake kana kwamba ameviazima. Se-rim alikuwa na la kusema, tena kali, akauma midomo.

— Mimi kubeba naweza, — Bwana Feni alijitetea hatimaye.

— Na kula, — alisema Mama Gyu-ri.

— Lakini kupaka pilipili si kazi ya... — Mzee Kamusi alianza, akakutana na jicho la Se-rim, sentensi akaimeza pamoja na kahawa. Akakohoa. — Hivi chumvi inawekwa kiasi gani?

Mama Gyu-ri aliweka birika chini. Akawatazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine.

— Vueni makoti niwafundishe leo, — alisema. — Alhamisi nitakuwa nimelazwa usingizi, msije mkanipigia simu.