Chovai Ataka Uraia

Pale Barani, kwenye kona ya duka la mafuta ya taa, pana ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na mtu akitaka habari yoyote ya mji wa Malindi isiyokuwa ya kweli, hapo ndipo pa kuketi. Muuza kahawa wa kona hiyo ni Mahadhi, mtu mzima, mwembamba, mpole hadi kuudhi. Kijiwe kizima humwita Chovai, kwa kuwa alikuja akitoka kisiwa cha Chovai, upande wa Somalia, akiwa kijana ndevu hazijakomaa. Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa unga wa manjano: mvua imekata, watu wamenuna, sima inanuka gunia. Lakini kahawa ilinyweka na maneno hayakupungua, na siku zile neno lilikuwa moja tu. Chovai anaomba uraia wa Kenya, na Jumatatu anatakiwa Mombasa akahojiwe.

Mwenyewe usingizi ulikuwa umemhama. Miaka yote alikuwa akikaa kwa cheti cha mgeni, kikiisha anakwenda kukitia muhuri upya. Safari hii afisa alimwambia, wala hakumkemea: mzee, ama uombe uraia, ama utafute njia ya kwenu. Kwenu wapi? Baba yake amekwisha kufa, nyumba ya Chovai imebaki kuta. Mkewe, Harusi, kazaliwa mtaa wa pili kutoka hapo kijiweni, na watoto wao wakisikia Chovai hudhani ni jina la baba yao tu.

— Lete kahawa, Chovai, nikusomeshe, — akasema Jaafar. Huyo ndiye Idhaa, kwa sababu husikiliza redio za dunia nzima kisha akazichanganya. — Haya, mawaziri!

Mahadhi akavuta pumzi, akawataja mmoja mmoja kama mtoto wa chuoni anayesoma juzuu mbele ya fimbo, na huku anamimina kahawa pasi na kumwaga tone.

— Umemruka wa maji.

— Wa maji si ameondolewa?

— Nani kakwambia?

— Wewe, jana.

— Basi amerudishwa, — akasema Idhaa. — Mambo haya yaenda mbio, yataka mtu asikilize.

— Mawaziri si kitu! — akadakia Garama. Mgiriama huyu wa Vitengeni alikuwa tarishi wa mahakama tangu ujana hadi kustaafu, akabeba mafaili ya mahakimu mpaka akaamini ni yeye aliyekuwa akihukumu. Wakamwita Kortini, naye akafurahi. — Ile fomu nimeijaza mimi kwa mkono wangu, naijua ndani nje. Hatari iko kwenye tangazo. Jina lako latiwa gazetini: fulani bin fulani aomba uraia, mwenye neno juu yake na alilete.

— Na nani wa kuleta neno juu yangu mimi?

— Mtu uliyemuuzia kahawa ya jana leo.

— Mtu huyo ni wewe.

— Ndiyo nakwambia ujihadhari nami.

Phineas akatikisa kichwa. Huyu alikuja kutoka bara, ni mshika stoo wa hoteli moja ya watalii huko pwani, na kwa hivyo jina lake ni Stoo. Kanzu hajavaa maisha yake, lakini kahawa anakunywa kuliko wenye kanzu.

— Mimi naona shida ni kabila, mzee. Utafika pale wakuulize, kabila gani? Mtu hawezi kuwa Mkenya hivi hivi tu. Kwetu hata ng'ombe anajulikana ni wa boma gani.

— Mimi Mbajuni.

— Mbajuni wa huku ama wa kule?

— Mbajuni ni mmoja, bwana. Mpaka ndio uliotukuta sisi tumekaa.

— Ee, hiyo maneno usiseme Mombasa. Wataona una kiburi.

— Hawaulizi kabila siku hizi, wapima damu, — akasema Idhaa, na sauti akaishusha, jambo ambalo hufanya akikaribia kusema uongo mkubwa. — Nimeisikia kwa masikio yangu, sijui Kairo sijui London. Damu ya mtu haiachi chumvi ya maji aliyoyanywa utotoni. Wakikutoa tone moja tu, daktari ataviona visima vya Chovai mle ndani.

— Basi anywe maji ya mfereji wa hapa kwa wingi, — Stoo akashauri. — Kutoka leo mpaka Jumatatu, ndoo kwa ndoo.

— Mfereji wenyewe haujatoa maji tangu Ijumaa.

— Umeungoja?

— Nimeungoja, na Harusi kaungoja, na watoto wameungoja.

— Mpeni uraia wake huyu, — akasema Kortini. — Raia ni nani tena?

Wakacheka wote, na Mahadhi mwenyewe akajichekesha kidogo. Lakini Kortini si mtu wa kuacha kicheko kikapita hapo bila ya kukitia mchanga. Akanywa funda, akajipangusa masharubu.

— Mimi sijamwambia lile la mwisho. Yako maswali ya karatasi, na liko moja halimo karatasini. Afisa hukutazama hivi, kama rafiki, akakuuliza: mzee, ukilala, ukiota, huwa waota uko wapi?

Dele la kahawa likasimama hewani. Mahadhi alikuwa ameota alfajiri ile ile. Alikuwa mtoto, amelala sebuleni kwa baba yake, na makuti ya paa yalikuwa mapya, yananukia.

— Naota Chovai, — akasema. Ndivyo alivyo: uongo humkwama kooni kama mwiba wa samaki.

— Mbaya, — akasema Kortini.

— Mbaya kabisa, — akasema Stoo.

— Wewe sema waota Nairobi, — Idhaa akamfunza.

— Nairobi sijafika.

— Mimi nimefika, — akasema Stoo, — na usiiote, utaamka mfuko hauna kitu. Ota Nakuru. Nakuru ni safi.

Safari hii Mahadhi hakucheka. Aliliweka dele juu ya makaa, akasema jambo ambalo hata Harusi hajapata kulisikia kinywani mwake.

— Nyinyi mwafanya mzaha, nami nawaachia, kwa kuwa nikinyamaza peke yangu ndio vibaya zaidi. Lakini wakinikataa Jumatatu, nitashuka Chovai nimbishie nani hodi? Walionijua wamekwisha. Hapa nilipo wanijuao ni mke wangu, na wanangu, na nyinyi. Na nyinyi ndio hawa.

Stoo akatazama viatu vyake.

Wakiwa wamekaa hivyo ndipo alipotokea bibi mmoja, buibui limejaa vumbi hadi magotini, anakwenda kwa kuchechemea. Jina lake Bi Batuli, mtu wa Ngomeni, kaja Barani matangani, na miguu imekataa kufika kituo cha magari. Kijiweni kwa wanaume mwanamke haketi. Yeye aliketi.

— Shikamoo, bibi, — wakasema, wanasogeleana kumpisha.

— Marahaba. Songa na wewe mwenye matako. Nipe kahawa, mwanangu, na kashata kama iko. Mwalia nini, mbona nyuso zimeanguka? Na nyinyi mna maiti?

Wakamweleza wote kwa mara moja, mmoja na mawaziri wake, mwingine na damu, mwingine na gazeti, mpaka Bi Batuli akainua mkono kama mwenye kufukuza nzi. Alikuwa amekwisha kuelewa tangu neno la tatu. Akatafuna kashata yake, akameza, akauliza:

— Na mamake mtu wa wapi?

Idhaa akamtazama Kortini. Kortini akamtazama Stoo. Stoo akachungulia kikombe chake, kana kwamba mama wa Chovai huenda akawa mle ndani. Majuma mazima wamemhoji mtu wao majina ya wakubwa wa serikali, na kabila, na ndoto, na hapana hata mmoja aliyewahi kumuuliza habari za mama yake.

Ikabidi Mahadhi ajibu mwenyewe.

— Mama ni mtu wa Ndau, upande huu wa Lamu. Aliolewa Chovai.

— Na wewe wa ngapi kwake?

— Wa kwanza.

Bi Batuli akakiweka kikombe chini.

— Wa kwanza! Na wewe mwenyewe wamsikiza huyu na damu yake? Mimba ya kwanza, mwanamke wa kwetu azalie kwa mavyaa, kwa mama wa mume, kama hana wazee? Mamako alirudishwa kwao Ndau tumbo likiwa bado si zito, akajifungua mikononi mwa mamake, akatoka arubaini yake, ndipo wakampeleka kwa mumewe na mtoto keshatiwa wanja. Au mamako alikuwa mtu wa kutupwa?

— Hakutupwa! — akasema Mahadhi upesi, maana hilo la kumtetea mama halingoji.

Na hapo yakamjia. Bibi yake wa Ndau, kila alipopelekwa kumzuru, alikuwa akimshika mkono akampeleka uani nyuma ya jiko, akamwonyesha kwa kidole: kitovu chako nimekizika hapa, hata ukiota mvi wewe ni wangu. Alilijua jambo hilo maisha yake yote. Lakini lilikuwa jambo la wanawake, la uani na la uzazi, na haikumpitikia hata siku moja kuwa serikali nayo inauliza habari za uani.

— Kortini, — akasema polepole. — Siku ile ya fomu, uliniuliza nini?

— Nilikuuliza kwenu wapi. Ukanijibu Chovai, nami nikaandika Chovai.

— Kwetu ni Chovai. Kwa baba. Lakini nimezaliwa Ndau.

Kortini akaruka, kahawa ikammwagikia kikoini.

— Mulungu wangu! Ndau si Kenya? Mtu aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja naye kazaliwa Kenya, siku ile ya bendera ya uhuru aliamka raia! Hakuomba, hakuapa, hakuulizwa! Kipengele hicho nakijua kama jina la mamangu!

— Wakijua? — akauliza Bi Batuli.

— Nakijua sana!

— Na fomu ukamjazia.

Kortini akaketi.

— Mimi nilisema tangu mwanzo, — akaanza Idhaa.

— Wewe ulisema chumvi, — Stoo akamkata. — Lakini wacha niulize, mzee. Nani atashuhudia? Bibi kakizika kitovu, sawa, lakini je, yuko hai?

— Bibi amekufa, na mama pia. Khalati yangu yu hai, Khalati Hindu, mdogo wake mama. Ndiye aliyeshika taa siku ile. Kila nikimwona hunambia nililia kama paka.

— Basi wakaa wafanyani hapa? — akasema Bi Batuli. — Nenda kamchukue, na wazee wengine wa Ndau wanaojua, mwende kwa chifu akuandikie. Kisha uende huko Mombasa ukawaambie umeghairi kuomba, wataka kipande chako cha uraia kama watu wengine.

Mahadhi akaketi ubaoni. Tangu aanze kuuza kahawa kona ile hakuwa ameketi hapo hata siku moja. Yeye husimama, wao huketi. Uso ulikuwa unafanya mambo yake wenyewe, hauko kilio hauko kicheko. Stoo, ambaye ana moyo mzuri akiacha kusema, akainuka, akashika dele, akammiminia kikombe akampa. Mahadhi akanywa funda moja, akakunja uso.

— Kumbe hii ndiyo mwainywa kila siku?

— Tumevumilia, — akasema Stoo.

Hapo ndipo alipocheka kweli, akacheka hadi akashika mbavu, na machozi yakapata kisingizio. Alipotulia alisimama, akamwaga masimbi ya kahawa, akasuuza vikombe, akakataa pesa ya Bi Batuli. Jua lingali juu, lakini alikuwa na neno la kumpelekea Harusi, na asubuhi basi la Lamu halingoji mtu. Akamwaga maji juu ya makaa, yakalia tss, akaondoka na dele lake, anakwenda mbio kama mwenye kuitwa.

— He! — akasema Idhaa. — Na kesho kahawa tutapewa na nani?

— Chemsheni wenyewe, — akasema Bi Batuli, anajikongoja kuelekea kituoni.

Wakabaki wanatazamana pale ubaoni, raia watatu halali, na hapana hata mmoja ajuaye kuwasha jiko la makaa.