Arusi ya Hindu Imeganda Kabla ya Pilau

YASSER: Haloo? Ni nani?

CHAUSIKU: Ni mimi bibi yako Chausiku, mwanamuke wa kwanza mu Rumonge nzima kuwa na ordinateri, kompyuta, ndani ya nyumba! Soko lote la mawese linanionea wivu. Lakini leo imegoma.

YASSER: Salaam aleikum, bibi.

CHAUSIKU: Waleikum salaam, salamu zingine tutamalizia siku nyingine, inite za simu yangu ni chache. Ile mashine uliyoniuzia, ukaapa ni mupya—

YASSER: Ni mupya, bibi! Muzungu mumoja tu aliitumia kidogo.

CHAUSIKU: Aliitumia kupasulia kuni? Sikiliza. Bi Malak anakuja hapa baada ya alasiri.

YASSER: Malak, mama mukwe wa Hindu?

CHAUSIKU: Huyo huyo. Siku ya arusi mimi nilitangulia Bujumbura, yeye akakuta barabara imefungwa pale njiani Gitaza, akarudi. Tangu hapo anazunguka soko akisema mujukuu wangu Hindu alitolewa bila pilau, watu walikula maharage. Maharage, Yasser! Nikamwambia njoo, pilau utaiona kwa macho yako mu CD ya arusi. Sasa picha inafika pale mupishi anashika mufuniko wa sufuria, halafu inaganda.

YASSER: Na sauti?

CHAUSIKU: Sauti inakwenda. Watu wanasikika wanatafuna. Lakini kutafuna si ushahidi, hata maharage yanatafunwa.

YASSER: Ningekuja mwenyewe, bibi, lakini niko huku Bujumbura, Buyenzi, kwa atelie yangu ya kutengeneza mashine. Na barabara leo imefungwa tena.

CHAUSIKU: Pole, mwanangu. Mungu akulinde huko. Niambie tu nifanye nini.

YASSER: Angalia chini ya picha. Umefungua nini kingine?

CHAUSIKU: Karata.

YASSER: Moja?

CHAUSIKU: Kumi na moja. Nikishindwa sifungi, nafungua ingine.

YASSER: Bibi! Funga zote! Mashine muzee kama hiyo haiwezi—

CHAUSIKU: Ahaa. Sasa imekuwa muzee.

YASSER: ...Funga tu, bibi.

CHAUSIKU: Nafunga. Nafunga. Hii ya saba nilikuwa karibu kushinda. Haya, inacheza... mupishi huyo... mufuniko... Imeganda.

YASSER: Shika chini yake. Iko na moto?

CHAUSIKU: Uwii! Unaweza kukaangia samaki ndagala!

YASSER: Umeiweka juu ya nini?

CHAUSIKU: Juu ya muto wangu wa manyoya. Kitu cha bei kama hiki nikilaze chini?

YASSER: Inakosa pumzi! Toa huo muto, tafuta matofali mawili, iweke juu, hewa ipite katikati.

CHAUSIKU: Ngoja... [krrr]... matofali ninayo, yanashikilia mulango wa—

[pa! pa-pa-pa!]

YASSER: Hiyo risasi imetoka mulimani, si ziwani.

CHAUSIKU: Ni mulimani, ndiyo, iko mbali, tuendelee. Una masikio makali wewe, kutoka Buyenzi.

YASSER: Ni... simu yako ni nzuri, bibi. Toa CD, iangalie mugongo. Ni safi?

CHAUSIKU: Safi kama uso wangu.

YASSER: Bibi.

CHAUSIKU: Iko na magamba kidogo. Na kwenye tundu la katikati, kamba.

YASSER: Kamba ya nini?

CHAUSIKU: Kunguru walikuwa wanamaliza ndagala zangu nilizoanika kwenye muchanga! Nikaona kitu kinang'aa, nikakitundika juu yao wiki mbili. Hakuna kunguru hata mumoja aliyesogea. Mashine yako ni mubovu, lakini CD inafanya kazi vizuri sana.

YASSER: Umetundika arusi ya Hindu juu ya sama— [anakohoa] juu ya— [anakohoa]

CHAUSIKU: Unatafuna nini?

YASSER: Mukate.

CHAUSIKU: Mukate wa Buyenzi siku hizi uko na miba?

YASSER: Bibi, muda unakwenda! Chukua maji, kitambaa laini, sabuni kidogo. Pangusa kutoka katikati kwenda nje. Usizungushe kama sahani.

CHAUSIKU: Kidogo haitatosha. Niliipaka mawese ili ing'ae zaidi.

YASSER: Yarabi! Basi sabuni nyingi!

CHAUSIKU: Napangusa, napangusa... Yasser, namuona! Bi Malak anatokea kwenye kona, mwavuli mbele kama jemadari. Atasema ana haraka ya kuvrefe, asikutwe nje usiku, atageuka, na kesho soko lote litaimba maharage. Ikiganda leo mimi sokoni sirudi. Ndagala zangu nitawauzia nani? Samaki wenzao?

YASSER: Ikaushe. Irudishe ndani. Bonyeza.

CHAUSIKU: Bismillahi. Sauti nimeiunga kwa baflo kubwa la marehemu babu yako, mutaa wote usikie. Mupishi huyo... anashika mufuniko... anashika... Umefunguka! Pilau! Bi Malak, kimbia uone, vipande vya nyama kama ngumi! [vigelegele]

YASSER: Alhamdulillahi. Haya bibi, kwaheri, nina wateja huku—

CHAUSIKU: Ngoja kwanza. Mbona vigelegele vya arusi vinalia hapa, na ndani ya simu yako pia vinalia?

YASSER: Ni rezo ya simu, bibi. Inarudisha mwangwi.

CHAUSIKU: Mwangwi. Na jirani yangu Émérance tangu adhuhuri anachoma samaki mukeke, wa mutu mumoja kweli?

YASSER: Sijui habari za Émérance! Naapa niko Buyenzi. Barabara ikifunguliwa tu, kwanza nitakuja kwako—

CHAUSIKU: Nakuamini, mujukuu wangu. Usikate. Natembea kidogo, hatua kumi hivi, kuna mulango wa bati hapa kwa jirani nataka kuugonga.

[ko, ko, ko]

CHAUSIKU: Hodi!

YASSER: Karibu!

[mulango wa bati unafunguka]

YASSER: Haloo? Bibi? Rezo inakatika, haloo, sikusi—

CHAUSIKU: Haikatiki. Geuka.