Kahawa Iliyotafunwa Murongo: Maisha ya Novatus Ndyamukama, 1951–1993

Ndugu wa Bweranyange, jirani wa Nyaishozi, na ninyi mliotoka Murongo na matope hadi magotini, poleni kwa msiba na poleni kwa njia. Karatasi hii imeandikwa na kaka wa marehemu, Anastazi, kwa idhini ya mjane na watoto, na kabla haijaendelea familia inataka kusema jambo moja, kwa sababu tangu juzi kuna minong'ono huko kibanjani, kwenye migomba, kama nyuki waliotiwa moshi, watu wakiulizana kama leo majina yatasomwa. Wapo waliokaa karibu na njia ili wapate pa kukimbilia, tumewaona. Kaeni. Litasomwa jina la mgonjwa mmoja tu, na huyo yumo ndani ya sanduku.

Novatus alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Bweranyange, mtoto wa tatu wa Mzee Evaristi Ndyamukama na Mama Kantengwa, akabatizwa mwaka huohuo, akakulia nyuma ya ng'ombe kama sisi wote tulivyokulia. Alianza shule ya msingi mwaka 1960 akaishia darasa la nne mwaka 1963, maana ng'ombe walikuwa wengi na wachungaji wachache, lakini kusoma alijua na kupima alijua, na aliyemwita mjinga alikuwa anajitafutia ugomvi. Mwaka 1969 aliajiriwa na chama cha ushirika Nyaishozi kupima kahawa ya wakulima, akawa anageuza mzani ili mwenye kahawa aone mwenyewe, jambo ambalo halikuwafurahisha wote.

Tarehe 26 Julai 1975 alifunga ndoa na Margreth Kembabazi, mjane aliyeketi hapa mbele yenu, wakabarikiwa kupata Stephania mwaka 1976 na Aristides mwezi Agosti 1978.

Vita vilipoingia mkoani kwetu mwishoni mwa mwaka huo, Novatus alijiunga na mgambo mwezi Novemba, akavuka mpaka na jeshi, na mwezi Machi 1979 kipande cha kombora kikampasua paja na kuvunja mfupa. Alilazwa kwenye hema, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, akaja tabibu wa jeshi na sindano, na alivyotusimulia yeye mwenyewe, maumivu yaliondoka kama mgeni aliyeaga. Alirudi nyumbani mwezi Agosti akitembelea fimbo. Mfupa uliunga, sindano haikutoka.

Mwaka 1981 alikwenda Murongo kupakia na kupakua mizigo mpakani, na huko akakuta vichupa vya dawa ileile ya maumivu, vingine mabaki ya masanduku ya vita, vingine vikiletwa na wafanyabiashara, na akakuta wenzake waliorudi vitani na kiu kama yake, na wengine ambao vita hawakuviona ila kiu waliipata. Sindano ilikuwa moja, ya kioo, inakaa kwenye kopo la tumbaku, inatoka mkono huu inaingia ule. Wakawa wanaitana wanywani, yaani ndugu wa damu, kama wazee wetu walivyoitana zamani walipochanja ngozi karibu na kitovu, wakachovya kwenye damu zile kahawa mbili zinazozaliwa ndani ya tunda moja, kila mmoja akala ya mwenzake, na tangu siku hiyo huwezi kumtoa ndugu yako kwa adui hata ukichunwa. Vijana wa Murongo walikuwa wakicheka kwamba wazee walichanjana mara moja na ng'ombe akachinjwa, sisi tunachanjana kila Jumamosi na hatupewi hata mchuzi.

Kicheko hicho kiliisha. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia Kagera, watu wakiuita Juliana, kisha redio ikauita UKIMWI, na mwaka 1987 mmoja wa wale wa kopo la tumbaku akakonda akafa, kabla hatujamaliza matanga akafuata mwingine. Novatus alibeba majeneza yote mawili. Mkewe anasema tangu hapo mumewe alikuwa akiutazama mkono wake wa kushoto kama mtu aliyeona nyoka akiingia ndani na hajui amejificha chini ya kitanda kipi.

Mwezi Juni 1989 walikuja Murongo watu wa utafiti, pamoja nao muuguzi Placidia, wakitaka kujua ugonjwa umefika wapi kati ya wanaojichoma sindano. Njia yao ya kwanza ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza, nayo ilikuwa njia ya kijinga, na Sista Placidia yupo hapa, hatakataa. Kila aliyeulizwa alinyoosha kidole ng'ambo ya mto kwamba wa namna hiyo wako Uganda, na bibi mmoja akamjibu kwamba mwanangu, hapa anayechomwa sindano ni ng'ombe, naye hutoroka. Wakati huohuo uvumi ukatapakaa kwamba atakayeonekana na damu mbaya atapakiwa kwenye lori, atupwe kisiwani afie huko, na wenye makovu mikononi wakaanza kuvaa mashati ya mikono mirefu juani.

Siku moja Novatus alikwenda kutumbuliwa jipu la mkono, Placidia akaona makovu, akamaliza kufunga kidonda, ndipo akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kaka, jina lako silitaki, nataka mtu mmoja anayekuamini, na huyo aniletee anayemwamini yeye. Novatus akaondoka bila kuaga. Alirudi baada ya juma moja na masharti yake: asiulizwe mtu jina, asikaribie mgambo, na atakayetaka majibu yake apewe yeye peke yake, asiyetaka asilazimishwe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, na tunaieleza kwa sababu mengi yamezushwa. Mtu wa kwanza waliita mbegu, na mbegu alikuwa Novatus. Yeye alitolewa damu, akapewa alama za kuwapelekea wenzake watatu, mwenye alama akija anaingia, anatolewa damu, anaulizwa anachoma na nani na sindano inaoshwaje, kisha naye anapewa alama zake akawatafute wengine, hivyohivyo mpaka uzi ufike kwa watu ambao hata Novatus mwenyewe hakuwahi kuwaona. Placidia alitaka alama iwe kadi. Novatus akakataa, akasema kadi ikikutwa mfukoni ni kamba ya shingo, tutumie kahawa ya kutafuna, maana hakuna mfuko wa mwanamume wa huku usio na kahawa. Basi zikafungwa mbilimbili kwenye jani kavu la mgomba, kila mletaji na fundo lake.

Wale waliopewa wakaja, na mikono mitupu. Placidia akauliza alama iko wapi, wa kwanza akafungua mdomo kumwonyesha. Akamwambia kwamba dada, nimekaribishwa kahawa na mnywani wangu, ulitaka niifiche mfukoni kama bahili? Wote walikuwa wameitafuna, na Placidia akakaa chini akacheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi kweli, kwa kuwa hakuweza tena kujua nani kaletwa na nani, na ikabidi waanze upya kwa maharage makavu, ambayo hata mwenye njaa hayatafuni.

Novatus hakucheka. Alirudi nyumbani, akamwambia Kembabazi kwamba mama Stephania, nimewapa watu kahawa yangu nao wameila, na hofu waliyokuja nayo nimeiona, sasa lolote litakalowapata limo shingoni mwangu.

Nalo halikuchelewa. Mwezi Februari 1990 mkuu mmoja wa mgambo, ambaye hatumtaji kwa sababu tumekwisha kusema majina hayasomwi, alisikia habari za maharage yanayozunguka, akamkamata Novatus akamfungia kwenye ghala, akitaka kujua wenye maharage ni akina nani. Hakumpiga sana. Alikuwa na akili mbaya kuliko ya kupiga, alimwacha tu bila dawa. Kufika kesho yake Novatus alikuwa anatetemeka kama mwenye homa, jasho na kinyesi havizuiliki, mifupa inamwuma mmoja mmoja, na yule bwana akaweka kichupa juu ya gunia mbele yake, akamwambia chagua mmoja tu, nitajie mmoja, upate dawa yako ulale.

Wako watu wanaosimulia kwamba Novatus alimtemea mate. Uongo. Yeye mwenyewe alituambia kwamba aliogopa kuliko alivyoogopa vitani, kwamba alikwisha kumchagua atakayemtaja, mtu asiye na mke, kwamba mdomo ulikwisha kufunguka, likatoka tapishi badala ya jina, na yule bwana akaruka nyuma kuokoa viatu vyake. Akaondoka kwa hasira. Alipofikiria kumwita tena, Placidia alikuwa amesimama mlangoni pa ghala, anasema haondoki bila mgonjwa wake, na watu wameanza kujaa, ikabidi mlango ufunguliwe. Hakutajwa mtu. Novatus hakushika sindano tena tangu siku ile mpaka alipolazwa hospitali, na yule asiye na mke hajui mpaka leo jinsi balaa lilivyopita karibu naye.

Majibu yake mwenyewe yalikuwa tayari tangu mwaka uliotangulia, hakwenda kuyachukua. Kila akifika kwenye daraja la kijito cha njiani alikumbuka kazi nyingine. Mwezi Aprili 1990 Kembabazi akajifunga kitenge, akamwambia twende, mimi nalala na hofu yako kitanda kimoja bila kuolewa nayo. Wakaenda. Ya Novatus tunayasema kama alivyotuagiza: alikuwa na virusi vya UKIMWI. Ya Kembabazi ni ya Kembabazi, na mwenye kutaka kumwuliza atapita kwanza kwa kaka za marehemu.

Tangu hapo alifanya kazi moja zaidi ya mizigo, ya kuwaendea wale wa kopo mmoja mmoja, kuwaambia yale ambayo Placidia na wenzake waliona, kwamba ugonjwa unapita ndani ya sindano ya pamoja kama maji ndani ya mfereji, na kwamba asiyeweza kuacha leo awe angalau na yake. Wengine walimfukuza. Wengine wako hai.

Mwaka 1992 alianza kukohoa, ukamtoka mkanda wa jeshi, mwili ukaisha, akalazwa mara tatu, na Jumanne tarehe 9 Novemba 1993 alfajiri akafariki mikononi mwa mkewe, hapa nyumbani, akiwa na miaka arobaini na miwili. Sisi ndugu tulitaka iandikwe kwamba ni kifua. Alilijua hilo, akatuita kabla, akasema mkinificha mimi mtakuwa mmewafungia wenzangu mlango.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgusa bila kujipangusa, majirani walioleta ndizi na kuni, wazee wa kanisa, na wafanyakazi wenzake wa Murongo, wale wa mizigo na wale wengine. Tunamshukuru Placidia, ambaye leo hakuvaa nguo za kazi, amekaa na kina mama wanaomenya ndizi, na atakuwa Nyaishozi wiki nzima, mwenye neno naye hahitaji alama.

Mwisho ni agizo lake. Kikapu hicho kinachoanza kuzunguka kina kahawa, aliikausha yeye mwenyewe msimu uliopita akiwa bado anaweza kukaa juani. Aliagiza kwamba kabla sanduku halijashuka kila mtu achukue mbili atafune, mzee na kijana, mke na mume, mkristo wa mbele na mlevi wa nyuma, wote, ili asijulikane nani aliila mwanzo na nani ameila leo. Naye yule mkuu, kama yupo, kikapu kisimruke. Chukueni. Na ninyi wa karibu na njia, kinakuja huko.

Pumzika kwa amani, Novatus, kahawa yako inatafunwa.