Ng'ombe Walipoondoka na Moto Wangu

Wazee, shikamooni. Akina mama wenzangu wa kikundi, mnaniona nimesimama lakini kusema mbele ya watu sijazoea. Nitasema hivyo hivyo.

Mnaukumbuka ule mtambo wa gesi uliojengwa pale kwangu. Asubuhi nachota mavi ya ng'ombe zizini, nakoroga na maji, namimina shimoni. Mchana nafungua koki, nasonga ugali. Kuni nikasahau, mkaa nikasahau. Nikajiona mzungu kabisa!

Kisha kijana wetu wa kwanza akapata mchumba. Ndugu zangu, nawaambia, mimi na mume wangu tulipanga kila kitu, mpaka soda za wageni. Mtambo hakuna aliyeukumbuka. Ng'ombe wote wakaswagwa kwenda kwa wakwe kuwa mahari, na mimi nikawapigia vigelegele. Vigelegele! Siku si nyingi moto ukafifia, ukazima.

Gesi ya mtungi ilitushinda bei. Nikarudi kwenye mkaa, nikakata ile miti inayokikinga kisima chetu sote, ya mwisho kabisa. Nilikuwa nalia huku nakata. Kiangazi kisima kikakauka, watu wakawa wananipita njiani bila salamu. Walikuwa na haki.

Hapo mume wangu akasema, "Ng'ombe watarudi. Si binti yupo?"

Binti mwenyewe, wa kidato cha pili, alikuwa pale pale anamenya mihogo. Aliinua macho akaniangalia mimi, si baba yake. Sijawahi kujichukia vile.

Kesho yake nikaja hapa, nikawaambia yote. Nikatamani ardhi inimeze. Kisha mwenyekiti wetu akauliza tu, "Mama, shimo lako bado zima?"

Asubuhi mmoja wenu akaja na ndoo ya mavi kichwani. Akaja mwingine. Akaja hata yule aliyekuwa anachota maji kwenye kisima kile. Moto ukawaka. Mume wangu hajaitaja tena habari ya binti. Hajaitaja tu, ya moyoni kwake siyajui.

Asanteni sana. Kisima bado kikavu, maji ya kukorogea nayafuata mtoni, na miche niliyopanda imeliwa na mbuzi. Sina furaha ya kuwadanganya nayo. Ila mkikaa kupanga mahari, muulizane jiko litakula nini.

Binti yangu leo yuko shule. Kesho, tafadhali, njooni tena na ndoo.